Mwongozo kamili: kuendesha mafunzo ya sheria kuhusu ardhi za wenyeji na urithi wa utamaduni, Unguja na Pemba

Mwanasheria kijana anaweza kumaliza digrii yake, akaapishwa, akafungua ofisi Mwanakwerekwe au Chake Chake, na siku ya kwanza anayokwenda shamba na mteja ndo anagundua kumbe mkarafuu una mwenyewe na ardhi uliyoota ina mwenyewe mwengine. Chuoni ardhi wanasoma, hilo sikatai, lakini ardhi ya Zanzibar haisomeki ikaisha kwenye kiti. Mwongozo huu ni wa yoyote anaetaka kuandaa mafunzo ya kikazi kwa mawakili, mavakili (watetezi wa mahkamani wasiokuwa mawakili kamili), wasaidizi wa sheria, makarani wa mahkama na maafisa wa ardhi, kuhusu haki za wenyeji juu ya ardhi zao na kulinda maeneo yao ya urithi: visima, makaburi, mizimu (mahala pa matambiko), magofu, viwanja vya mila. Msimamo wangu nausema mapema usije ukashangaa huko mbele: mafunzo haya yakifanyika ukumbini tu basi bora msifanye, hizo pesa mpeni mtu akachimbe kisima. Nusu ya masomo lazima iwe juu ya ardhi yenyewe na wazee ndo wawe walimu.

HATUA YA 1: Chagua wanafunzi, na usichanganye hovyo

Watu ishirini, ishirini na tano wanatosha. Zaidi ya hapo ukienda shamba nusu yao wanabaki kwenye gari wanachezea simu. Nusu wawe wanasheria wa mahkamani, nusu wawe wasaidizi wa sheria wa shehia, mana hawa ndo wanaogongewa mlango usiku mtu anapokuta ukuta umesimamishwa kwenye njia yake ya kuendea pwani. Tangu ije Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 wasaidizi wa sheria wanatambulika rasmi, kwaiyo usiwatende kama watu wa kujaza viti.

Masheha nao waje, ila siku zao ziwe mbali kidogo na siku za mazoezi ya kesi. Sheha anateuliwa na serikali, hakuchaguliwa na ukoo, na mara nyengine yeye ndie alosaini kwenye karatasi ya mauziano ambayo darasa litaichambua. Si kwamba ni mbaya, wengi ni watu wazuri sana na wanajua mipaka kuliko ofisi yoyote, lakini msaidizi wa sheria hatosema ukweli wote mbele ya sheha wake, utaona tu anaangalia chini.

Wanawake wasipungue nusu. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya nne.

HATUA YA 2: Panga tarehe kwa kuangalia bahari na karafuu, sio kalenda ya ofisi

Hii waandaaji wengi hawaijui. Ukitaka kuwasikiliza wanawake wa mwani Paje, Jambiani au Bwejuu, usiende siku za bamvua, maji yakitoka sana ndo wote wako pwani kazini, na ukiwatoa pale umewatia hasara. Nenda maji mafu. Pemba ukienda wakati wa vuno la karafuu hutompata mtu, na utakaempata atakujibu huku anachambua. Ijumaa malizeni mapema. Ramadhani msifanye kabisa, sio kwa sababu ya njaa tu, ni kwamba mchana watu wamechoka na usiku wako kwenye tarawehe.

Mafunzo ya siku tano yanatosha lakini yasiwe mfululizo: siku mbili ukumbini, wiki ya kupumua ambayo kila mtu anakwenda kutafuta faili moja la kweli la kwao, halafu siku tatu shamba.

HATUA YA 3: Fundisha sheria zetu, sio za bara

Ukitoka na kitu kimoja kwenye hatua hii basi ni hichi: ardhi sio jambo la Muungano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mnayoisikia kwenye semina za Dar es Salaam haifiki huku. Huku hakuna baraza la kijiji linalogawa ardhi wala hati ya hakimiliki ya kimila kama ya bara, na mwanasheria anaemwambia mzee wa Makunduchi "nenda kachukue hati ya kimila" anampotezea nauli.

Weka mezani hizi kwa mpango huu. Kwanza Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 17, kinachomkinga mtu asinyang'anywe mali yake bila ya utaratibu wa sheria na fidia. Pili Sheria ya Umilikaji wa Ardhi Namba 12 ya 1992, hii ndo mama: ardhi yote ni ya umma, imewekwa chini ya Rais, na Mzanzibari anapata haki ya kuitumia, iwe kwa kupewa na serikali, kwa kurithi, kwa kununua au kwa zawadi. Mgeni hapati haki hiyo, anapata kukodi. Wasome wenyewe vifungu kwa sauti, usiwasomee wewe. Tatu zile za utambuzi na usajili wa ardhi zilizotungwa baina ya 1989 na 1990. Nne Sheria ya Mahkama ya Ardhi Namba 7 ya 1994 na ile ya Uhaulishaji wa Ardhi (kuhamisha haki kwa mtu mwengine) Namba 8 ya mwaka huo huo, ambayo inataka mauziano yapite kwanza kwenye bodi. Mauziano mengi ya shamba hayajawahi kuiona hiyo bodi hata kwa mbali, ni karatasi ya daftari, saini nne na dole gumba.

Alafu kuna zile ambazo watu wa ardhi hawazihesabu kuwa ni za ardhi na mimi naziona ndo silaha zenyewe: Sheria ya Misitu Namba 10 ya 1996, ambayo imewapa wanakijiji nafasi ya kufunga makubaliano na serikali ya kusimamia msitu wao, Sheria ya Mazingira Namba 3 ya 2015 na tathmini yake ya athari, Sheria ya Wakfu na Mali ya Amana Namba 2 ya 2007, na sheria ya kuhifadhi mambo ya kale ambayo chimbuko lake ni la wakati wa Waingereza. Kwa mjini ongeza ile ya Mamlaka ya Mji Mkongwe Namba 3 ya 2010. Kila mwanafunzi atoke na kopi, za karatasi, sio kiungo cha kufungulia kwenye simu mana Micheweni ndani huko mtandao unakuja na kuondoka.

HATUA YA 4: Matabaka ya haki kwenye kipande kimoja

Hapa kaa sana. Kama una siku mbili za ukumbi basi moja iwe ya hapa.

Anza na ardhi ilivyokuwa kabla ya karatasi. Kusini na mashariki ya Unguja, kwa Wahadimu, na Tumbatu, watu walikaa kwa kiambo: ardhi ya ukoo, kila aliyetokana na ukoo ana haki ya kujenga na kulima lakini hana haki ya kumuuzia mgeni. Nje ya kiambo kuna maweni na msitu, unafyeka, unalima mtama na mihogo baina ya mawe, ardhi ikichoka unaiacha ikue tena, na ukiiacha haimaanishi umeitupa. Hili la mwisho liwekeeni mstari. Mpimaji akija leo anaona kichaka anaandika "ardhi tupu", na mwekezaji anasoma "ardhi tupu" anafurahi, kumbe ile ni ardhi iliyopumzishwa na wenyewe wapo, wanakata kuni humo na kuchimba dawa.

Juu ya tabaka hilo likaja la mashamba ya mikarafuu na minazi ya wakati wa masultani, katikati na magharibi ya Unguja na sehemu kubwa ya Pemba. Juu yake tena Mapinduzi ya 1964, ardhi ikataifishwa, watu wakagaiwa eka tatu tatu. Eka hizo zina masharti yake, na mtu aliyepewa, watoto wake, aliyenunua kwa mtoto wake, na jamaa wa mwenye shamba wa zamani, wote hao unaweza kuwakuta mahkamani mbele yako siku moja. Wafundishe wanafunzi kuomba ile karatasi ya eka na kuisoma mpaka nyuma. Halafu katika miaka ya 1980 na 1990 likaja tabaka la utalii, pwani ambayo mtu alikuwa anaidharau mana hailimiki ikawa ndo dhahabu.

Sasa miti. Mpeleke mwanafunzi shamba Pemba, muulize "hili shamba la nani?" Atajibiwa na watu watatu na wote watatu wakweli. Mmoja ardhi ni yake, karithi kwa baba yake. Wa pili ana mikarafuu minne upande wa bondeni, ilipandwa na babu yake kwa ruhusa, ikabakia ya kwao. Wa tatu hana ardhi wala mti, lakini mikarafuu miwili ya yule wa pili imewekwa rehani kwake na msimu huu anachuma yeye. Sheria ya 1992 na yenyewe inakubali kwamba mti unaweza kumilikiwa mbali na ardhi. Mwanasheria anaeandika mkataba wa kuuza "shamba pamoja na vyote vilivyomo" bila ya kuuliza miti ya nani, anatengeneza kesi ambayo watoto wake wataikuta mahkamani.

Tena mirathi. Wengi wetu ni Waislamu na mirathi inakwenda kwa Kadhi, haki ya mtoto wa kike iko wazi kwenye Qurani haina mjadala, ila shamba ikaja ada: "Wewe dada umeolewa, wacha tukutunzie". Anatunziwa mpaka anakufa. Na hapo hapo kuna mgongano wa kweli ambao usiufiche darasani: mirathi inagawa, kiambo hakigawiki. Koo nyengine zilitatua kwa kuweka wakfu wa familia, wengine wamekaa hivyo hivyo kimya kimya. Wanawake watupu wakae chumba chao saa moja walizungumze hili na mwalimu mwanamke, utashangaa yatakayotoka, kisha waamue wenyewe lipi lirudi kwenye darasa la pamoja.

HATUA YA 5: Siku ya kutembea mipaka

Usiende na magari matatu na fulana za mradi. Tangulia wewe mwenyewe siku kabla, piga hodi kwa sheha, kisha kwa wazee wa mji, ueleze unakuja na nani na wanataka nini. Shikamoo kwanza, maneno baadae. Wakikwambia mahala fulani hamwendi, hamwendi, usiulize mara ya pili.

Kila kundi la wanafunzi watano lipewe mzee mmoja na kipande kimoja. Kazi yao ni kutembea mpaka mzima na yeye na kuandika kila alama anayoitaja kwa jina analolitaja yeye. Atakwambia "kutoka mbuyu huu shuka na ukuta wa mawe mpaka kisima cha kina Bi fulani, hapo kata, fuata njia ya ng'ombe". Mwanafunzi asimsahihishe, asiandike "kaskazini mashariki mita mia". Aandike mbuyu, ukuta, kisima, njia ya ng'ombe, na kwenye kila alama asimame achukue nukta ya GPS kwa simu yake na picha mbili, moja ya karibu, moja ya mbali yenye mtu amesimama ili ukubwa uonekane. Mbuyu utakufa siku moja, nukta itabaki, na nukta peke yake bila ya mbuyu haina maana mahkamani mana huwezi kueleza imetoka wapi.

Halafu mwanafunzi mwengine atembee mpaka ule ule na jirani wa upande wa pili, bila ya wale wa kwanza kuwepo. Wakilingana, umepata ushahidi mzito kabisa. Wasipolingana usiwakutanishe hapo hapo, utaanzisha ugomvi ambao haukuwepo, rudi nao ukumbini mkae muangalie ni alama ipi imewatenganisha. Mara nyingi ni moja tu.

Uliza maswali madogo. "Nani kapanda mnazi huu?" "Mlipokuwa watoto mkichota wapi maji?" "Kaburi hili la nani, na nani anakuja kulisafisha?" Swali la "je, una hati?" liwe la mwisho kabisa, mana ukianza nalo mzee anajifunga, anajiona hana kitu, na wewe umeshapoteza ushahidi wote ulobaki kichwani mwake.

HATUA YA 6: Kugeuza mazungumzo kuwa ushahidi

Jioni ile ile, kabla hawajasahau, wakae waandike. Maelezo ya mzee yaandikwe kwa Kiswahili chake, Kimakunduchi kama kasema Kimakunduchi, na chini yake maelezo ya kawaida. Kisha arudiwe asomewe, aseme ndio au arekebishe, ndo aweke saini au dole mbele ya kamishna wa viapo. Kiapo kilichoandikwa kwa Kiingereza cha wakili na kusainiwa na bibi asiyesoma Kiingereza, wakili wa upande wa pili akiwa mjanja atakipasua kwa swali moja.

Wafundishe kutenganisha vitu vitatu: alichokiona mwenyewe, alichoambiwa na wazazi wake, na yanayosemwa mjini. Vyote vina thamani lakini havina uzito sawa. Kwa kuonesha kwamba ya wazee yanakubalika mahkamani, waeleze kesi ya Delgamuukw ya Canada, 1997, ambapo mahkama ya juu kabisa ya kule ilisema historia za mdomo za wenyeji zipokewe na zipimwe, zisitupwe kwa sababu tu hazikuandikwa. Haimfungi jaji wetu hata kidogo, lakini hoja yake inaazimika.

Kitu chengine: tafuteni karatasi za zamani pamoja na ya mdomo. Nyaraka za Taifa Kilimani zina mambo mengi ya ardhi ya wakati wa Waingereza, na waarabu wengi walikuwa wakiandika mauziano. Mwanafunzi mmoja kila kundi apelekwe huko asubuhi nzima, ajue namna ya kuomba jalada.

HATUA YA 7: Urithi, na ambapo sheria inaishia

Magofu ni rahisi kidogo. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, Pemba kuna Ras Mkumbuu, kuna Pujini kwa Mkama Ndume, kuna Mtambwe Mkuu ambako mwaka 1984 zilichimbuliwa sarafu za kale za dhahabu na fedha. Hizi ziko chini ya mambo ya kale, na mwanasheria anatakiwa ajue hatua: eneo limeorodheshwa au halijaorodheshwa, mpaka wake uko wapi kwenye ramani, nani wa kupewa taarifa mtu akianza kuchimba msingi karibu yake. Zoezi zuri ni kuwapa dakika ishirini waandike barua ya taarifa ya dharura, ukurasa mmoja, yenye nukta ya GPS na picha, sio malalamiko ya kurasa sita.

Tabu iko kwenye visivyo na mawe. Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, unahitaji uwanja. Hakuna gofu pale, hakuna ukuta wa kuorodhesha, thamani yake ni watu kukutana hapo kila mwaka, na sheria iliyotungwa zamani kwa ajili ya majengo ya kale haina macho ya kuiona. Tanzania imeridhia mkataba wa UNESCO wa urithi usioshikika tangu 2011, lakini mkataba ule unataka orodha na mipango, hauzuii greda. Kwaiyo kwa maeneo kama haya mwanasheria anatumia njia za pembeni: makubaliano ya msitu kama mzimu umo msituni, wakfu kama wenyewe wakikubali kuweka, na hasa tathmini ya athari za mazingira, mana pale wananchi wanatakiwa wasikilizwe kabla ya mradi kupewa ruhusa. Mtu akija kwenye kikao kile na ramani ya visima, makaburi na pango lao, yakaandikwa kwenye ripoti, ni vigumu baadae kusema hayakujulikana. Wakili akija baada ya ukuta kusimama anabaki kuomba fidia tu.

Na mapango. Kuumbi kule Jambiani wanaakiolojia wamechimba, na wenyeji nao wana mambo yao pale, vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja. Wapo wanaosema mambo ya mizimu ni shirki, na kwenye darasa lako watakuwepo. Usiligeuze darasa kuwa mjadala wa dini. Kazi ya mwanasheria pale ni kuuliza nani analitunza eneo, tangu lini, na nani ataumia likifungwa. Pia kuna yasiyotakiwa kuandikwa kabisa: maneno ya tambiko, jina la mzimu, njia ya kuingilia ndani. Andika "eneo la mila, wenyewe hawakutaka kueleza zaidi" na nukta ya jumla, inatosha. Na picha wala usipige bila ya idhini, hata kama ni nzuri kiasi gani.

HATUA YA 8: Kesi za wenzetu, na mipaka yake

Zitumie chache. Mimi hutumia nne tu na Delgamuukw ya tano.

Mabo, Australia, 3 Juni 1992: wenyeji wa kisiwa kidogo cha Mer walithibitisha umiliki kwa namna wanavyojua mipaka ya bustani zao na nani karithi kwa nani, na mahkama kuu ikaitupa ile dhana ya kwamba ardhi ilikuwa haina mwenyewe kabla ya Muingereza. Eddie Mabo mwenyewe alifariki miezi michache kabla ya hukumu. Hii watu wa visiwani wanaielewa haraka kuliko nyengine zote, huna haja ya kuieleza sana.

Endorois wa Kenya, Tume ya Afrika ya Haki za Binaadamu, walioondolewa ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 kupisha hifadhi, wakashinda 2009. Ogiek wa msitu wa Mau, Mahkama ya Afrika ya Arusha, walishinda 26 Mei 2017, na 2022 ikaamriwa walipwe milioni 57.85 za Kenya kwa hasara za mali na milioni 100 kwa maumivu. Hapa lazima uwaambie na upande wa pili: kushinda sio kupewa, wote hawa wamesubiri sana utekelezaji. Na kwetu mlango wa Arusha umefungwa kwa mtu mmoja mmoja, Tanzania ilijitoa Novemba 2019 kwenye tamko linalomruhusu mtu kuishtaki moja kwa moja kule, kwaiyo ukimaliza mahkama za nyumbani unabaki na hiyo Tume ya Afrika, iliyopo Banjul.

Ya nne ni Juukan Gorge, Australia, Mei 2020, kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango yenye alama za binaadamu za miaka 46,000, na kibali walikuwa nacho, kila kitu kisheria. Waulize wanafunzi: wakili wa wenyeji angefanya nini miaka saba kabla, kibali kilipotolewa? Waache wabishane.

Angalizo moja kubwa. Lile Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 la haki za wenyeji linasema mazuri sana, lakini serikali yetu msimamo wake ni kwamba Waafrika wote ni wenyeji, haitambui kabila fulani peke yake. Na hapa Zanzibar swali la "nani mwenyeji" limeshamwaga damu. Usijenge kesi kwa kusema huyu Mshirazi yule mgeni. Jenga kwa kusema huyu katumia kisima hichi, baba yake kazikwa hapa, anaokota chaza na kulima mwani mbele ya ufukwe huu, na mtu yoyote aliyefanya hivyo awe anatoka wapi anaingia humo.

HATUA YA 9: Kesi ya mazoezi

Itunge wewe, ya kubuni, usitumie mgogoro unaoendelea mahkamani. Kwa mfano: ufukwe wa mashariki, diko la wavuvi, visima viwili, makaburi saba chini ya mkwaju. Kijana wa ukoo kauza kwa mtu wa mjini kwa karatasi ya daftari, wa mjini kahaulisha, na sasa kampuni ina mkataba wa kukodi na imeanza kuweka uzio. Shangazi yake yule kijana hakuulizwa. Kundi la kwanza wamtetee shangazi, la pili wavuvi, la tatu kampuni, la nne wawe mahkama. Kundi la kampuni wape mtu hodari kuliko wote, mana wanafunzi wengi wanakuja na huruma na hawajajiandaa kusikia hoja nzuri kutoka upande wa pili: tumelipa, tuna hati, nyinyi mlikuwa wapi?

HATUA YA 10: Ridhaa, pesa na maadili

Nani anasaini kwa niaba ya mji? Hili swali liulizwe wazi. Kikao cha watu thelathini chini ya mwembe na soda, kisha majina yao yakaambatanishwa kama "wananchi wamekubali", hiyo sio ridhaa, ni mahudhurio. Ridhaa ni kwamba wameelezwa kabla, kwa lugha yao, wamepewa muda wa kwenda kuzungumza wenyewe bila ya wewe, na wana uwezo wa kusema hapana na hapana yao ikaheshimiwa. Wanawake wa mwani waulizwe mbali, wavuvi mbali, na wenye kiambo mbali.

Wakili anaetoka kijiji kile kile na ana fungu kwenye shamba lile lile, aseme. Anaelipwa na mwekezaji asijitie kuwashauri wanakijiji "bure". Na wazee waliofundisha walipwe kama walimu, bahasha yenye heshima, sio nauli ya daladala, mana mgeni rasmi aliyekuja kusoma hotuba dakika kumi na tano atapewa yake na kila mtu anajua.

HATUA YA 11: Baada ya satifiketi

Usitoe satifiketi siku ya mwisho. Itoe baada ya miezi mitatu, kwa yule alieleta faili moja kamili: mpaka uliotembewa pande mbili, viapo viwili, ramani ya mkono na ya GPS, orodha ya miti na wenyewe, maeneo ya urithi, na karatasi ya ridhaa. Atakaeshindwa msaidie, usimfukuze, mara nyingi kakwama kwa kamishna wa viapo au kwa kaka wa mtu.

Kopi ya kila faili ibaki kwa familia, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri mana mchwa na mvua ya masika havijali mahkama, na nyengine kwa msaidizi wa sheria wa shehia. Rekodi za sauti za wazee wapewe wajukuu zao kwanza, kabla ya mtu yoyote wa ofisi. Fungua kundi la WhatsApp la wanafunzi lakini liwe na kanuni moja: hakuna kuweka humo jina la mteja wala picha ya mpaka wa mtu. Na kila mwaka, maji mafu, kabla ya masika, wakutane tena siku moja, kila mmoja aje na faili lake na jibu la swali moja, lile eneo likoje leo.